KUPIMA NGUVU YA KUSHIKANA KATI YA ZEGE LA ZAMANI NA UKARABATI MPYA

Mazungumzo kwa Watumishi wa Serikali, Mafundi na Wananchi



Kila mwaka wa fedha, idara za Serikali, halmashauri na wakala mbalimbali, Bara na Visiwani, hutenga fedha kwa ajili ya matengenezo ya majengo, madaraja, makalavati, matangi ya maji na magati. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kubandika kitu kipya juu ya zege la zamani: kiraka cha saruji mahali palipobanduka, tabaka jipya la sakafu, au mpako wa kuzuia maji na chumvi. Siku ya makabidhiano kazi huwa ya kupendeza. Rangi ni mpya, nyufa hazionekani, na hati za malipo husubiri saini. Swali ambalo mara nyingi haliulizwi siku hiyo ni hili: je, kipya kimelishika la zamani?

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kipimo kinacholijibu swali hilo kwa namba, namna kinavyofanywa, namna matokeo yake yanavyosomwa, na wajibu wa kila anayehusika. Kipimo chenyewe ni cha kuuvuta ukarabati mpaka ung'oke. Hakihitaji maabara kubwa, kwani chombo chake hubebwa kwa mkono mmoja. Kinachohitajika zaidi ni mtu wa kukidai kabla fedha za umma hazijalipwa, na mtu wa kuyasoma matokeo yake kwa haki.

Maramba na pwani yake

Maelezo haya yamechukua Maramba na pwani ya Tanga kuwa mfano kwa sababu eneo hilo hukusanya, katika mwendo mfupi, maadui wawili wakubwa wa ukarabati wa zege, yaani chumvi na udongo. Aidha, Tanga inatazamana na Pemba. Bahari ni ile ile, na pepo za kaskazi na kusi ni zile zile. Tangu mwaka 2010 hata umeme wa Pemba hupita katika kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Yanayolipata zege la upande mmoja wa mkondo huo hayana budi kulipata la upande wa pili.

Maramba imo katika Wilaya ya Mkinga, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na inajulikana kwa vijana wengi waliopitia kambi yake ya Jeshi la Kujenga Taifa. Msafiri atokaye Tanga huiacha barabara kuu ya Horohoro pale Mabokweni, akaipa bahari mgongo na kuelekea milimani. Katika safari hiyo matatizo ya zege hubadilika. Ufukweni, upepo hubeba chumvi. Chumvi hupenya katika vitundu vya zege hadi kuifikia nondo, na nondo hupata kutu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kiasi cha mara mbili hadi mara sita, kwa hiyo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka likapasuka na kubanduka. Huko juu upepo wa chumvi hupungua, lakini mvua za masika na vuli hutiririsha udongo mwekundu wa milimani. Udongo huo huchanganyika na mchanga wa mtoni unaotumika katika ujenzi, hutanda juu ya makalavati, na hubaki kama vumbi laini katika kila uso ambao fundi anataka kuukarabati. Ufukweni chumvi huleta haja ya kiraka. Bara yake udongo hukifanya kiraka kisishike.

Jinsi kipya kinavyoshika

Wajenzi wa kale wa pwani hii walilielewa jambo hili bila ya vyombo vya kupimia. Katika magofu ya Tongoni, kusini mwa Tanga katika njia ya kwendea Pangani, kuta za msikiti na makaburi ya nguzo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na lipu ya chokaa huingia katika vitundu hivyo ikaganda humo. Aidha, chokaa hiyo ilitokana na kuchomwa kwa mawe ya jamii hiyo hiyo, hivyo ukuta na lipu vilikaribiana kwa ulaini na kwa namna ya kutanuka na kusinyaa. Fundi wa leo anapobandika saruji ngumu juu ya ukuta laini wa namna hiyo, kiraka hushindana na ukuta, na mwishowe hutoka pamoja na ngozi yake.

Zege nalo hufuata kanuni hiyo hiyo. Kiraka hulishika zege kwa sababu uji wa saruji huingia katika vitundu na mikwaruzo ya uso wa zamani, ukaganda na kujifunga humo. Ili hayo yatokee, masharti kadhaa hayana budi kutimizwa.

Kwanza, zege linalobaki chini liwe imara. Lile lililolegea, lililojaa kutu au lililokwisha kupoteza nguvu huondolewa lote mpaka kufikia lililo zima. Mashine nzito ya kubomolea ikitumiwa katika hatua ya mwisho huacha nyufa ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, na kiraka kikibandikwa juu ya nyufa hizo huwa kimebandikwa juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka. Kwa hiyo hatua ya mwisho hufanywa kwa tindo nyepesi, kwa mchanga unaopulizwa kwa nguvu ya hewa, au kwa maji yenye kasi kubwa.

Pili, uso uwe na mkwaruzo. Uso laini, hasa wenye ule utando dhaifu wa saruji unaopanda juu wakati wa kumwaga zege, haumpi fundi mahali pa kujishikiza.

Tatu, uso uwe safi. Vumbi lililoachwa baada ya kuchonga, mafuta ya magari, ukungu wa matangi na chumvi ya bahari hukaa katikati ya vitu viwili vinavyotakiwa kukutana. Kufagia kwa ufagio wa njiti hakutoshi. Uso hupulizwa kwa hewa au huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Nne, unyevu uwe wa kiasi. Zege kavu lililokaa juani hunyonya maji ya kiraka kabla saruji haijaganda, na zege lenye madimbwi hudhoofisha uji wa saruji pale pale linapokutana na kiraka. Kwa viraka vingi vya saruji, hali inayotakiwa ni zege lililoshiba maji kwa ndani huku uso wake ukiwa haung'ai kwa maji. Mipako mingi ya epoksi hutaka kinyume chake, yaani zege kavu, na maelekezo ya mtengenezaji hayana budi kufuatwa.

Tano, kiraka kitunzwe. Jua la mchana katika pwani ya Tanga huweza kulikausha tabaka jembamba kwa muda mfupi, likasinyaa na kujikunja kingo. Kiraka hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa au kwa karatasi ya nailoni, na humwagiliwa kwa siku zilizoelekezwa. Saruji huzalishwa Pongwe, karibu na Tanga, tangu mwaka 1980, lakini ubora wa saruji pekee hauwezi kufidia sharti lolote kati ya haya matano.

Nyundo huja kwanza

Kabla ya kuvuta, mkaguzi hugonga. Nyundo ndogo hupitishwa juu ya ukarabati wote, hatua kwa hatua, na sikio husikiliza. Mahali pazima hutoa mlio mkavu na mkali. Mahali palipoachana hutoa mlio wa chungu kitupu. Mipaka ya sehemu yenye mlio mbaya huchorwa kwa chaki. Kazi hii haina gharama, na hata mwanakamati ya maji wa kijiji aweza kufundishwa kwa asubuhi moja.

Hata hivyo, nyundo ina mpaka wake. Huonyesha mahali ambapo kipya na la zamani vimekwisha kuachana. Haiwezi kuonyesha mahali ambapo vingali vimegusana kwa udhaifu na vitaachana baada ya masika mbili. Hapo ndipo kipimo cha kuvuta kinapohitajika.

Namna ya kupima

Viwango vinavyofuatwa zaidi duniani kwa kazi hii ni EN 1542 cha Ulaya, kilichotolewa mwaka 1999, na ASTM C1583 cha Marekani, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2004. Maelezo yao yanatofautiana katika mambo madogo, lakini mwendo wa kazi ni mmoja.

Keekee ya duara yenye meno ya almasi hukata ukarabati mpaka kupita unene wake wote na kuingia ndani ya zege la zamani. Kwa kiwango cha Ulaya, mkato huo huingia kiasi cha milimita 15 katika zege hilo. Lengo ni kukitenga kipande kimoja cha mviringo, chenye upana wa milimita 50, kisisaidiwe na jirani zake kitakapovutwa. Mkato ukiishia juu ya mpaka wa kipya na la zamani, bila ya kuingia ndani, kipimo huwa hakina maana, na hili ni kosa la kuangaliwa sana.

Juu ya kipande hicho hugandishwa kisahani kinene cha chuma chenye upana huo huo kwa gundi ya epoksi yenye nguvu. Uso husafishwa na kukaushwa kwanza, na gundi huachwa ikomae. Gundi iliyomwagika katika mkato huondolewa, kwani ikibaki hukiunganisha tena kipande kilichokwisha kutengwa. Baada ya hapo chombo cha kuvutia husimamishwa juu ya kisahani na kukivuta kwa kunyooka. Kuvuta kwa kwenda upande hukivunja kipande mapema na hutoa namba ndogo kuliko ukweli.

Nguvu huongezwa polepole na kwa mwendo mmoja. Kiwango cha Ulaya hutaka ongezeko la nyutoni 0.05 kwa kila milimita ya mraba katika kila sekunde, kwa hiyo kipande kinachovunjika katika nyutoni 1.5 kwa milimita ya mraba huwa kimevutwa kwa muda wa nusu dakika hivi. Anayezungusha mkono wa chombo kwa haraka hupata matokeo yasiyoweza kulinganishwa na ya mwenzake.

Hesabu yake ni nyepesi. Nguvu iliyosomwa hugawanywa kwa eneo la kisahani. Kisahani cha milimita 50 kina eneo la milimita za mraba 1,963. Chombo kikisoma nyutoni 2,945, jibu ni nyutoni 1.5 kwa milimita ya mraba. Kwa mtu asiyezoea vipimo hivyo, nguvu hiyo ni sawa na kuning'iniza mifuko sita ya saruji ya kilo 50 kwenye kisahani kisichozidi upana wa vidole vitatu. Mifuko minne ni sawa na nyutoni 1.0, na mifuko minane ni sawa na nyutoni 2.0.

Vipimo visipungue vitatu kwa kila sehemu ya kazi, na mahali pake pachaguliwe na msimamizi, si mkandarasi.

Kusoma mahali palipovunjika

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba namba pekee ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni mahali kipande kilipokatikia. Mkaguzi hukigeuza kisahani juu chini, akatazama kilichoganda juu yake.

Ichukuliwe kuwa tangi la maji la zege katika shule moja ya Maramba limekarabatiwa, mkataba ukataka nyutoni 1.5, na vipimo vinne vikafanyika. Huu ni mfano wa hesabu tu.

Kipimo cha kwanza kimesoma nyutoni 3,340, yaani 1.7 kwa milimita ya mraba, na chini ya kisahani kuna kiraka kizima pamoja na vipande vya zege la zamani. Hii ni kazi njema. Kiraka kimelishika zege kuliko zege lilivyojishika lenyewe.

Kipimo cha pili kimesoma nyutoni 1,180, yaani 0.6, na kiraka kimetoka chote kikiwa na mgongo laini, wenye vumbi jekundu. Kimeachia mpakani. Hapa kosa ni la maandalizi: uso haukusafishwa. Sehemu hiyo ibomolewe na kurudiwa kwa gharama ya aliyeifanya.

Kipimo cha tatu kimesoma nyutoni 4,120, yaani 2.1, na gundi imeachia chuma huku kiraka kikibaki mahali pake. Nguvu ya kweli ya kiraka haikujulikana, lakini imejulikana kuwa haipungui 2.1, na mkataba ulitaka 1.5. Kipimo hicho hukubaliwa. Lau gundi ingaliachia katika 0.8, kipimo kingalikuwa batili na kingalirudiwa, wala hakingalihesabiwa kuwa kushindwa kwa mkandarasi.

Kipimo cha nne kimesoma nyutoni 1,770, yaani 0.9, na chini ya kiraka kumeng'oka tabaka nene la zege la zamani lililo jepesi na lenye mchanga mwingi. Namba hii ni ndogo kuliko inayotakiwa, na msimamizi mwenye haraka angeandika kuwa mkandarasi ameshindwa. Ukweli ni kwamba kiraka kimeshika sawasawa. Aliyeshindwa ni yule aliyemwaga zege la tangi miaka mingi iliyopita. Kumwamuru mkandarasi arudie kiraka hicho ni kumdhulumu, na pia ni kupoteza fedha, kwani cha pili kitang'oka kama cha kwanza. Swali linalofaa kuulizwa hapo ni zito zaidi: je, tangi hilo linafaa kukarabatiwa, au lijengwe upya?

Ndiyo maana fomu ya matokeo isiyo na safu ya kuonyesha mahali pa kuvunjika isipokelewe. Namba 0.6 na namba 0.9 katika mfano huu zote ni ndogo, lakini moja inamdai fundi na nyingine inamdai mwenye mali.

Namba zinazotakiwa

Kiwango cha Ulaya EN 1504, sehemu ya 3, hugawa vifaa vya kukarabatia zege katika madaraja manne. Daraja la R4 hutakiwa kushika kwa nyutoni 2.0 kwa milimita ya mraba na R3 kwa 1.5, haya mawili ni kwa kazi zinazobeba uzito, kama vile mihimili na nguzo. Madaraja ya R2 na R1 hutakiwa kushika kwa 0.8, nayo ni kwa kazi zisizobeba uzito. Sehemu ya 2 ya kiwango hicho inahusu mipako. Mpako mgumu usiopitiwa na magari hutakiwa kuwa na wastani wa 1.0, na ule unaonyumbulika 0.8. Mahali panapopitiwa na magari, namba hizo hupanda hadi 2.0 na 1.5.

Inafaa ieleweke kuwa namba hizo hupatikana maabarani, juu ya zege teule lililoandaliwa kwa uangalifu. Zege la kalavati la zamani haliwi hivyo. Nguvu ya zege kuvutwa ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kubanwa, na zege dhaifu haliwezi kuhimili nyutoni 2.0 hata likipewa kiraka bora kabisa. Kuandika katika mkataba namba iliyonakiliwa kwenye mfuko wa bidhaa, bila ya kulipima zege lililopo, ni kutaka lisilowezekana. Njia ya haki ni kulivuta kwanza zege la zamani lenyewe, kabla ya zabuni kutangazwa, ili namba ya mkataba iwekwe kwa kujua.

Mipaka ya kipimo

Kipimo hiki kina mambo kisichoyajibu. Hakionyeshi kiasi cha chumvi kilichomo katika zege. Kiraka kinaweza kushika vizuri mno, na zege lililo pembeni yake likaendelea kuoza. Ikiwa zege lenye chumvi limeachwa kuzunguka kiraka, nondo iliyo nje ya kiraka yaweza kupata kutu kwa kasi zaidi kuliko awali, na baada ya muda mpasuko mpya hutokea kandokando ya ule uliozibwa. Kwa majengo yaliyo ufukweni, upimaji wa chumvi uende sambamba na upimaji wa kushikana.

Aidha, kila kipimo huacha tundu. Tundu hilo lizibwe siku hiyo hiyo kwa vifaa vile vile. Katika matangi ya maji ya kunywa, vifaa vya kuzibia viwe vile vilivyothibitishwa kuwa salama kwa maji ya kunywa. Vilevile kipimo kisifanywe kabla kiraka hakijakomaa. Viraka vingi vya saruji hupimwa vikiwa na umri wa siku 28, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vinginevyo, na ratiba ya malipo haina budi kuziheshimu siku hizo.

Wajibu wa kila mmoja

Methali ya wahenga isemayo kuwa asiyeziba ufa atajenga ukuta inajulikana na kila mtu, na imetumika katika hotuba nyingi za matengenezo. Lakini ufa uliozibwa kwa kiraka kisichoshika bado ni ufa, tena umefichwa, na mwenye nyumba hulala akidhani yu salama. Kipande cha zege kinachobanduka chini ya daraja au kwenye dari ya darasa hakimngojei mkaguzi wa hesabu.

Gharama ya uzembe huu huwaangukia wananchi. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji katika Jiji la Tanga na maeneo jirani. Bandari ya Tanga nayo ilifanyiwa upanuzi mkubwa ulioanza mwaka 2019, na kina chake kikaongezwa hadi mita 13. Zege lote linalomwagwa leo katika miradi ya pwani litakuja kuwa zege la zamani na litahitaji viraka. Katika Visiwa, nyumba za Michenzani zilizoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 zimekwisha kuufikia umri huo. Ni vyema desturi ya kupima ikajengwa mapema, kabla kazi haijawa kubwa.

Kwa hiyo yafuatayo yanafaa kuzingatiwa.

Mwandaaji wa zabuni, awe katika halmashauri, katika Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini au katika Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, aandike katika mkataba mambo manne: kiwango kitakachofuatwa, namba inayotakiwa, idadi ya vipimo, na nani atakayelipia marudio.

Mkandarasi aandae kwanza sehemu ndogo ya majaribio, ivutwe na ikubalike, ndipo kazi yote ianze. Sehemu hiyo humlinda yeye mwenyewe, kwani kosa hugunduliwa katika mita moja ya mraba badala ya mita mia tatu.

Msimamizi awepo wakati wa kuandaa uso, si wakati wa kupaka rangi tu. Achague mahali pa kuvuta, atazame kisahani kila kinapong'oka, na apige picha ya pande zote mbili. Chombo chake kiwe na cheti cha usahihi ambacho muda wake haujapita. Kwa masuala ya viwango, Shirika la Viwango Tanzania kwa upande wa Bara na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa upande wa Visiwa ndizo za kuulizwa.

Mhasibu asiidhinishe malipo ya mwisho ya ukarabati wa zege pasipo kuiona fomu ya matokeo katika jalada. Hatakiwi kuwa mhandisi. Yatosha aangalie kwamba namba ipo, mahali pa kuvunjika pameandikwa, na msimamizi ametia saini.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Mradi ni mali yake, na kuuliza si kosa. Anapoona tangi la kijiji au darasa la shule limekarabatiwa, amwulize mtendaji kama kiraka kimevutwa na matokeo yakoje. Akiona rangi mpya inatoa malengelenge, mstari wa kutu unatokeza, au kiraka kinalia kama chungu kitupu, atoe taarifa kwa maandishi, ataje mahali na tarehe, na abaki na nakala.

Mwisho, inasisitizwa kuwa kumbukumbu za vipimo zitunzwe katika jalada la jengo au daraja husika, na zisifungiwe katika jalada la malipo ambalo huhamishiwa ghalani mwaka ukiisha. Fundi atakayelifungua tena kalavati la Maramba baada ya miaka 20 atataka kujua mambo matatu: zege la chini lilikuwa na nguvu kiasi gani, kiraka kilishika kwa kiasi gani, na kilivunjikia wapi kilipovutwa. Akiyakuta yameandikwa, hatalazimika kuanza kwa kukisia.